Kemia ya Kaboni na Suala la Lugha: Mwanafunzi wa Mwala, 1990

Huko Wamunyu, katika Mwala, uchongaji wa vinyago ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo kwa Wamakonde wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanagenzi huupata kwa kuketi kando ya fundi, akakosolewa papo hapo.

Mwanafunzi aliyetoka huko kwenda chuo kikuu mwaka 1990 alikuta hali nyingine kabisa. Mwaka huo vyuo vya Kenya vilipokea kwa pamoja wahitimu wa mwisho wa kidato cha sita na wale wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4, na kumbi za mihadhara zikafurika. Kemia ya kaboni haivumilii msongamano wa namna hiyo. Atomu ya kaboni iliyoungana na atomu nne huelekeza vifungo vyake kwenye pembe nne za piramidi yenye kitako cha pembetatu, hali ubao ni bapa. Van 't Hoff mwenyewe, aliyelieleza jambo hilo mwaka 1874, aliwatengenezea wataalamu wenzake vielelezo vya karatasi ngumu. Basi hapana budi mhadhara ufuatwe na kikundi kidogo, kielelezo mkononi, na mkufunzi wa kujibu maswali.

Ajibu kwa lugha gani? Hapo ndipo wanaisimu walipozembea. Wanafunzi hao wa 8-4-4 walikuwa wa kwanza kutahiniwa Kiswahili kwa lazima tangu shule ya msingi. Na mwaka huo huo wa 1990 TUKI, Dar es Salaam, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hata hivyo, lugha ya kufundishia ilibaki Kiingereza, ambacho kwa kijana wa Kikamba kilikuwa lugha ya tatu.