Gharama ya Furaha

Historia tuliyozoea kuisoma shuleni ni ya watawala, vita na mikataba. Lakini iko historia nyingine iliyoandikwa katika daftari la mwenye duka, katika kibindo cha mama wa nyumbani, na katika mfuko wa mfanyakazi siku ya mshahara. Hiyo hutueleza jinsi watu wenye mapato madogo walivyoishi. Na kwa kuwa mwanadamu haishi kwa chakula peke yake, hutueleza pia walivyojipatia furaha, na bei waliyoilipa. Katika insha hii tutaitazama gharama ya burudani katika nyumba za Afrika ya Mashariki, hasa Kenya na pwani yake. Tutaona kwamba waliofilisika kwa ajili ya furaha walikuwako, na kwamba mara nyingi kilichowafilisi kilikuwa ni mashindano.

Tuanze na nyakati za wazee wetu. Burudani ya kila siku ilipatikana nyumbani bila ya fedha. Baada ya chakula cha usiku bibi aliketi, wajukuu wakamzunguka, akasema, "Paukwa!" nao wakaitika, "Pakawa!" Ngano na vitendawili havikuwa na kiingilio. Bao la kuchezea lilichongwa mara moja likatumiwa na baba, mwana na mjukuu. Kete zake zilikuwa komwe zilizookotwa porini. Ngoma kubwa zilikuwa na gharama zake, maana wapigaji hulishwa na wageni hukirimiwa. Hata hivyo, ngoma za mavuno zilichezwa wakati ghala zimejaa, na kila nyumba ilileta ilichokuwa nacho. Matumizi yalifuata mapato, wala hapakuwa na haja ya kukopa.

Miji ya pwani ilipoanza kutumia fedha kwa wingi, mambo yalibadilika. Katika miaka ya 1890 ilizuka ngoma mpya katika Mombasa na Lamu iliyoitwa beni, jina lililotokana na bendi za Wazungu. Wachezaji walivaa sare, wakapiga matarumbeta, wakajipa vyeo vya Mfalme na Jenerali. Katika Mombasa palikuwa na chama cha Kingi na chama cha Skochi. Katika Lamu mtaa wa Mkomani ulishindana na mtaa wa Langoni. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama, vyenye viongozi wa vyeo, sare na michango.

Tusivilaumu vyama hivi upesi. Vilimpa mchukuzi na mshonaji heshima ambayo hakuipata kazini mwake, na vilimfundisha mtu kuchanga na kuongoza wenzake. Lakini ubaya ulikuwa umejificha ndani yake. Chama kimoja kikichinja ng'ombe mmoja, cha pili hutaka kuchinja wawili. Hawa wakishona sare mpya, wale huona aibu kuvaa za zamani. Mwenye kusema, "Uwezo wetu umekwisha," huhesabiwa kuwa ameshindwa. Basi karamu ya siku moja iliweza kumeza akiba ya miezi mingi, na deni likabaki baada ya matarumbeta kunyamaza. Wahenga walikwisha kuliona jambo hili, wakasema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Aliyeyaandika hayo waziwazi ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 akafariki mwaka 1947. Katika magazeti aliyoyaanzisha miaka ya 1930, na katika kitabu chake Uwongozi, aliwaonya watu wake juu ya israfu katika ngoma, harusi na matanga. Sheikh huyu, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliona kwamba jamii inayomaliza mali yake katika kujionyesha haitabaki na kitu cha kusomeshea watoto.

Lakini itakuwa si haki kumwambia maskini abane matumizi bila ya kuuliza alilipwa nini. Katika zama za ukoloni mshahara wa Mwafrika mjini ulihesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto. Ilidhaniwa kwamba familia yake italishwa na shamba lake kijijini. Wafanyakazi wa Mombasa waligoma mwaka 1939, kisha wakagoma tena Januari 1947, wakiongozwa na Chege Kibachia, kwa sababu kodi ya chumba na bei ya vyakula zilipanda huku mshahara ukibaki nyuma. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya, ikashauri kwamba mshahara wa chini uhesabiwe kwa mahitaji ya mtu na familia yake.

Kamati hiyo ilitumia kipimo kilichotungwa na Profesa Edward Batson wa Cape Town. Kipimo hicho kilihesabu chakula, nguo, kuni, taa na sabuni, yaani vitu ambavyo bila ya hivyo mtu hawezi kuishi kwa afya. Hakikuweka hata senti moja kwa burudani, wala kwa gazeti, wala kwa zawadi, wala kwa akiba. Batson mwenyewe alilisema hilo wazi, ili mtu yeyote asidhani kwamba huo ni mshahara wa kutosha. Na jambo hili halikuwa la Afrika peke yake: mwaka 1901 Mwingereza aitwaye Seebohm Rowntree, alipowachunguza maskini wa mji wa York, alionyesha kwamba familia ya kiwango hicho isingeweza kununua hata gazeti la bei ndogo. Yafaa mwanafunzi alikumbuke jambo hili. Anayemwona mfanyakazi akinunua santuri, na kumwita mpumbavu, ajue kwamba huyo alikuwa akijinyima tonge ili apate wimbo.

Watu hao walifanyaje, basi? Walishirikiana. Tuchukue santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na sahani zake zikaenea katika pwani yote. Gramafoni ya siku zile ilizungushwa kwa mkono, ikahitaji sindano mpya mara kwa mara, na upande mmoja wa sahani uliimba kwa muda wa dakika tatu hivi. Si kila nyumba iliyoweza kununua chombo hicho. Lakini palipokuwa na gramafoni moja, mtaa mzima ulisikia. Na mwenye mkahawa alijua kwamba wimbo mmoja huuza vikombe vingi vya kahawa.

Redio ilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1949, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya Waafrika wasio na umeme, kwa juhudi ya Harry Franklin aliyesimamia idara ya habari huko. Kwa kuwa umbo lake lilifanana na sufuria, ikaitwa redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, yaani sawa na shilingi 100 za Afrika ya Mashariki za wakati ule. Betri yake ilikuwa shilingi 25 nyingine, na ilidumu kiasi cha saa 300. Hebu tufanye hesabu. Mtu akiisikiliza kwa saa mbili kila usiku, betri itafika usiku wa 150, yaani miezi mitano. Gharama ya betri ni shilingi 5 kwa mwezi, mzigo mzito kwa mtu mmoja. Lakini nyumba kumi zikishirikiana, kila moja italipa shilingi 10 za kununulia redio, kisha senti 50 tu kila mwezi. Redio ile ile, wimbo ule ule, na habari zile zile. Kilichopungua ni gharama, na kilichoongezeka ni mazungumzo baada ya matangazo.

Televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962, watu walikusanyika tena mbele ya kioo kimoja. Leo kila mtu ana kioo chake mkononi, na wimbo hununuliwa kwa bando badala ya sindano na betri. Gharama yake huonekana ndogo kwa kuwa hulipwa kidogo kidogo, lakini shilingi 20 kila siku ni shilingi 600 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga vile vile.

Tumejifunza nini? Kwanza, burudani ni haja ya kweli, na mwenye nyumba mwenye busara huitengea fungu lake mapema, baada ya chakula, kodi na ada ya shule, wala haiachi ijichukulie yenyewe. Pili, kitu kinachotumiwa na wengi kinunuliwe na wengi. Tatu, mtu asinunue furaha kwa ajili ya macho ya jirani, kwani macho hayo hayamsaidii kulipa deni. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Tena tukumbuke kwamba wafanyakazi wa mwaka 1947 hawakutosheka na kubana matumizi peke yake. Walidai pia ujira wa haki. Nyumba huhitaji mambo hayo mawili: mkono unaojua kuweka, na sauti inayojua kudai.