Jinsi Lupu ya Sauti Ilivyopoteza Mshono Wake

Mhusika wa katuni akitembea kwenye mvua kwa dakika nzima, huenda mvua unayoisikia ni lupu, yaani kipande cha sekunde kumi tu, kinachorudiwa. Fundi akiifanya kazi vizuri, hakuna anayejua kinapoishia na kinapoanzia. Ufundi huo umejengwa kwa miongo mingi, na kila kizazi cha mashine kimekuja na tatizo lake.

Mwaka 1948, mjini Paris, Pierre Schaeffer wa redio ya taifa ya Ufaransa alifanya kazi na santuri ambazo mfuo wake ulijifunga duara, sindano ikabaki ikizunguka palepale. Alirekodi treni katika stesheni ya Batignolles, na kazi iliyotokana na sauti hizo ilirushwa hewani Oktoba 5 mwaka huohuo. Hata hivyo, santuri iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilimpa lupu ya takriban sekunde 0.77. Urefu uliamuliwa na mashine.

Kanda ya sumaku ilimkomboa fundi. Katika mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, lupu ya sekunde kumi ilihitaji kanda ya mita 3.8, ambayo ncha zake ziliunganishwa kisha ikazungushwa kwenye stendi nje ya mashine. Studio ya BBC Radiophonic Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1958, ilisifika kwa kazi ya namna hiyo. Siri ilikuwa kwenye wembe: kanda ilikatwa mshazari, mara nyingi kwa nyuzi 45, ili sauti ya zamani ififie wakati mpya inaingia. Ikikatwa wima, kiungo kingeweza kusikika kikigonga.

Mwaka 1977 lupu iliingia disko. Bee Gees walikuwa wakirekodi nchini Ufaransa mpiga ngoma wao alipolazimika kuondoka kwa sababu za kifamilia. Watayarishaji wakachukua kipande cha ngoma za "Night Fever", wakakizungusha kwenye kanda, na juu yake ukajengwa wimbo wa "Stayin' Alive".

Kompyuta iliondoa wembe, ikaleta hesabu. Sauti ya sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde ikiwekwa kwenye katuni ya picha 24 kwa sekunde, kila picha hupata sampuli 2,000 kamili. Kwa sampuli 44,100, kila picha hupata 1,837.5, na hiyo nusu huleta usumbufu. MP3 nayo hufunga sauti katika mafungu ya sampuli 1,152 na kuongeza ukimya kidogo pembeni. Ndiyo maana lupu nzuri hukatika ikihifadhiwa hivyo, ilhali faili ya WAV huendelea bila pengo.

Mbinu ninayoiamini kuliko zote ni hii: kata rekodi katikati, badilisha nafasi za nusu zake, kisha zipishanishe taratibu pale zinapokutana. Mwisho na mwanzo wa lupu sasa ni sehemu mbili zilizokuwa zimefuatana tangu siku ya kurekodi. Kabla ya hapo, sikiliza rekodi yote na uondoe ngurumo au mlio wa ndege unaojitokeza peke yake. Ukiuacha, sikio litautambua kila unaporudi, hata mshono uwe safi kiasi gani.