Fashia Mkekani: Historia ya Dai Moja katika Mafunzo ya Walimu wa Yoga

Utangulizi

Kila aliyewahi kuchuna mbuzi anaujua ule utando mweupe unaotenganisha ngozi na nyama, na fungu moja la nyama na jingine. Wanaanatomia huuita fashia: tishu unganishi inayofunika misuli, kuigawa katika mafungu na kuishikiza kwenye mifupa. Katika miongo miwili iliyopita fashia imekuwa mada maarufu katika kozi za walimu wa yoga, hasa Marekani na Ulaya. Mara nyingi walimu hufundishwa kuwa mkao unaoshikiliwa kwa dakika kadhaa huyeyusha au hufungua fashia, na wengine huongeza kuwa wahenga wa Uhindi walilijua jambo hilo tangu kale. Makala hii inafuatilia chimbuko la dai hilo. Hoja yetu ni kwamba fashia haikuingia katika yoga kutoka maandiko ya kale wala kutoka maabara. Iliingia kupitia tiba ya mikono ya Marekani, na mafunzo ya walimu yakaipokea kabla utafiti haujaipima.

Chimbuko la dai

Matini za hatha yoga, kama Hathapradipika ya karne ya 15, huzungumzia nadi, yaani mikondo ya uhai na pumzi, hazizungumzii tishu. Barani Ulaya nako, tangu Vesalius alipochapisha kitabu chake cha anatomia mwaka 1543, kwa muda mrefu fashia ilikuwa kitu cha kukatwa na kuondolewa ili misuli ionekane. Miongoni mwa waliompa utando huo hadhi ni Mmarekani Andrew Taylor Still, mwasisi wa osteopathia, aliyeuweka katikati ya nadharia yake ya ugonjwa mwishoni mwa karne ya 19.

Kiungo kati ya fashia na yoga ni Ida Rolf (1896–1979), mwanabiokemia aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1920. Rolf alijifunza yoga kwa Mmarekani Pierre Bernard huko Nyack, jimbo la New York. Baadaye alibuni tiba ya kukandamiza tishu kwa mikono ili kuupanga mwili upya, akishikilia kwamba fashia inaweza kubadilishwa umbo kwa shinikizo. Katika miaka ya 1960 alifundisha tiba hiyo Esalen, California, na mwaka 1971 taasisi yenye jina lake ikaanzishwa Colorado. Kwa hiyo yoga ilimlea Rolf kabla nadharia yake haijarudi kwenye yoga.

Marejeo hayo yalipitia njia mbili. Ya kwanza ni Thomas Myers, mwanafunzi wa Rolf, ambaye mwaka 2001 alichapisha Anatomy Trains, kitabu kinachochora misuli na fashia kama mistari mirefu inayopita mwilini. Walimu wa yoga walikipenda kwa sababu kiliwapa ramani ya kueleza mkao mzima badala ya msuli mmoja mmoja. Njia ya pili ni yoga ya yin, iliyoenezwa na Paul Grilley na Sarah Powers, ambamo mikao hushikiliwa kwa dakika kadhaa kwa nia ya kugusa tishu unganishi.

Utafiti ulipowasili

Kongamano la kwanza la kimataifa la utafiti wa fashia lilifanyika mwaka 2007 katika Chuo cha Tiba cha Harvard, Boston. Matokeo ya miaka iliyofuata yaliunga mkono baadhi ya madai na kudhoofisha mengine. Mwaka 2008, Chaudhry na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba nguvu inayohitajika kubadili umbo la fashia ngumu ya paja au ya wayo, hata kwa asilimia 1, inapita ile ambayo mikono ya mtabibu inaweza kutoa. Mwaka 2016, Wilke na wenzake walipopitia tafiti za upasuaji wa maiti, walikuta ushahidi thabiti kwa mistari mitatu ya Myers, lakini hawakukuta ushahidi kwa mstari wa mbele wa juujuu. Aidha, tafiti za kunyoosha viungo zinaonyesha kuwa sehemu kubwa ya unyumbufu unaopatikana katika wiki chache hutokana na mtu kuvumilia zaidi hisia ya kuvutwa. Faida anayoihisi mwanafunzi ni ya kweli. Maelezo anayopewa ndiyo yenye shaka.

Saa badala ya mizani

Kwa nini basi dai lilidumu? Jibu limo katika muundo wa mafunzo. Yoga Alliance, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999, ndilo lililoeneza kiwango cha saa 200. Shirika hilo si chombo cha serikali. Katika kiwango cha awali, anatomia na fiziolojia zilitengewa angalau saa 20, yaani sehemu moja ya kumi. Baadaye zikawa 30. Isitoshe, mwalimu aliyesajiliwa hutakiwa kuongeza saa 30 za mafunzo kila miaka mitatu. Sharti hilo limejenga soko la kozi fupi, zikiwamo za fashia. Mfumo unaohesabu saa hauna mizani ya kupimia ukweli wa kinachofundishwa ndani ya saa hizo.

Hitimisho

Jambo hili linatuhusu. Jijini Nairobi, Africa Yoga Project imekwisha kuwafunza vijana wengi ualimu wa yoga, na Kiswahili kitahitajika kadiri fani hii inavyoenea katika nchi jirani. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mamlaka zitakazotambua vyeti hivyo zitake mitaala itenganishe kilichothibitishwa, kinachochunguzwa na kilicho tamathali tu, na kumzuia mwalimu asijitwalie kazi ya tabibu. Pili, wanaistilahi wawe waangalifu. Kusema "kunyoosha" ni kueleza kitendo. Kusema "kuyeyusha fashia" ni kutoa hukumu ambayo utafiti haujaitoa. Neno likishaingia kamusini kama ukweli, kulitoa ni kazi ya kizazi kizima.