Kidole Tumbo na Mteremko wa Magamba

Vitabu vya historia ya upasuaji huianzia London habari ya kidole tumbo, tarehe 6 Desemba 1735. Siku hiyo Claudius Amyand wa Hospitali ya St George's alimpasua mtoto wa miaka 11 mwenye ngiri iliyokuwa ikivuja kinyesi, akakuta ndani yake kidole tumbo kilichotobolewa na pini. Akakikata, mtoto akapona. Kisha vitabu huruka miaka 150 hadi 1886, ambapo Reginald Fitz wa Boston alionyesha kwamba usaha uliokuwa ukiua watu upande wa kulia wa tumbo ulianzia kwenye kidole hicho. Miaka mitatu baadaye, New York, Charles McBurney akaonyesha mahali pa kubonyeza. Mwaka 1902 ugonjwa ukapata umaarufu: zikiwa zimebaki siku mbili atawazwe, Mfalme Edward VII wa Uingereza alipasuliwa na Frederick Treves, akatolewa usaha, na sherehe ikaahirishwa.

Mwaka huo reli ya Wajerumani kutoka Tanga ndiyo kwanza ilikuwa imefika Korogwe. Mombo ilifikiwa 1905, na kutoka hapo kwenda Wilhelmsthal, yaani Lushoto ya leo, palibaki mlima mtupu wa kupanda. Magamba ni juu zaidi ya Lushoto, mlangoni mwa msitu wa hifadhi, pale wanapopita wanaoshuka kutoka Malindi, Lukozi na Mtae. Mtu aliyeshikwa na tumbo usiku huko juu, iwe 1902 au miaka 60 baadaye, McBurney hakuwa na faida kwake. Alihitaji wanaume wa kumbeba kwa machela. Ndiyo maana naona historia ya ugonjwa huu katika milima hii ya Usambara, ikisimuliwa kwa visu na majina ya mabingwa, inapotea njia. Maswali yake ni nani alifika hospitali, alifika baada ya saa ngapi, na aliandikwa nini daftarini.

Kidole tumbo hakina subira. Ni mfuko mwembamba uliozibwa upande mmoja, unaoning'inia pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana. Mlango wake ukizibwa, mara nyingi na kipande cha kinyesi kilichokauka au na tezi zilizovimba, majimaji hujaa ndani, bakteria huzaliana, damu hushindwa kupita kwenye ukuta wake, nao huanza kuoza. Mwanzoni maumivu huwa kitovuni, ya kuzungukazunguka, na mgonjwa hukataa chakula. Baada ya saa kadhaa uvimbe hugusa utando wa ndani ya tumbo, na hapo maumivu huhamia chini kulia na kutulia mahali pamoja. Kidole kikipasuka, jambo linaloweza kutokea siku ya pili au ya tatu, mgonjwa anaweza kupata nafuu ya muda mfupi inayodanganya nyumba nzima, kabla usaha haujasambaa tumboni.

Saa zile za kwanza, wakati maumivu bado yako kitovuni, ndizo saa za nyumbani. Tumbo la namna hiyo lina maelezo mengi: minyoo, chango, ngiri, chakula cha jana, jicho la mtu. Steven Feierman, Mmarekani aliyeandika The Shambaa Kingdom mwaka 1974, alirudi kwenye milima hiyohiyo kuandika juu ya uganga, na katika makala yake ya 1981 alionyesha jinsi njia ya mgonjwa inavyoamuliwa na ndugu: baba, mjomba, kaka, kila mmoja na sauti yake, na mara nyingi anayeamua ni mwenye kugharamia safari. Dawa ya mganga na dawa ya hospitali hazikuwa kambi mbili zilizopigana. Zilikuwa vituo kwenye njia moja, na ndugu ndio waliochagua kituo kinachofuata. Kwa magonjwa mengi utaratibu huo una busara, maana unampa mgonjwa watu wa kumwangalia. Kwa kidole tumbo unakula muda, na muda ndio kila kitu.

Upande wa hospitali, wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walikuwa wamekwisha kufika Mlalo tangu 1891. Lutindi ilianza 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, kisha ikageuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Kwa upasuaji, macho ya watu wa milimani yalikuja kuelekea kwenye hospitali ya Kilutheri ya Bumbuli na ile ya serikali Lushoto. Ukitazama ramani utadhani ziko jirani na kila mtu. Ramani haionyeshi mabonde.

Sasa tumlete Denis Burkitt, kwa sababu ni yeye aliyeufanya ugonjwa huu kuwa hoja ya Afrika Mashariki. Mwairlandi huyo alianza kazi Lira, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1946, kisha akahamia Mulago, Kampala. Mwaka 1961, pamoja na Ted Williams na Clifford Nelson, alizunguka na gari maili 10,000 kutoka hospitali hadi hospitali, Tanganyika ikiwemo, akitafuta mipaka ya ile saratani ya taya za watoto iliyokuja kuitwa kwa jina lake. Alijifunza hapo kitu ambacho hakukiacha: kuuliza hospitali ndogo za vijijini zinaona nini na haziuoni ugonjwa gani. Aliporudi Uingereza aliendelea kwa barua na fomu kwa hospitali za misheni. Jibu lilikuwa lilelile kila upande: kidole tumbo ni nadra kwa Waafrika wa vijijini, na ni cha kawaida kwa Wazungu wanaoishi palepale.

Mwaka 1971 Burkitt akatoa maelezo yake. Waafrika wa vijijini wanakula nafaka ambayo haijakobolewa, wanapata choo kingi na laini, kwa hiyo kile kipande kikavu kinachoziba mlango wa kidole hakipati nafasi ya kuundwa. Mwenzake Hugh Trowell, aliyetibu Kenya na Uganda kwa miongo kadhaa, alikuwa amekwisha kukusanya orodha ya magonjwa ya Ulaya ambayo hakuyaona Afrika. Kwa lugha ya jikoni kwetu, hoja yao ni dona dhidi ya sembe, na makande ya Usambara yangepata alama za juu kabisa.

Hoja inavutia, na sehemu yake huenda ni kweli. Ilipata mpinzani mwaka 1985, David Barker, aliyetazama takwimu za Uingereza na kusema kwamba kupanda na kushuka kwa ugonjwa huko kunafuata zaidi maji safi na vyoo bora kuliko ulaji wa makapi. Lakini mimi shaka yangu haianzii kwenye chakula. Inaanzia kwenye fomu. Fomu ya Burkitt ilihesabu waliofika. Mgonjwa aliyefia njiani kati ya Mtae na Lushoto, au aliyeanza kuchechemea akapona mwenyewe kwa sababu usaha ulijifunga, hakuingia popote. Aliyefika siku ya tano tumbo likiwa gumu kama ubao aliweza kuandikwa tu kwamba ana usaha tumboni, bila kutajwa ulikotoka. Haki nayo itendeke: madaktari wa misheni hawakuwa vipofu, walipasua matumbo ya kila namna, na kama kidole tumbo kingekuwa kingi kama Ulaya wangekutana nacho hata kikiwa kimechelewa. Kwa hiyo nakubali kilikuwa kidogo. Kilikuwa kidogo kiasi gani, daftari la hospitali ya mlimani haliwezi kusema.

Tunajua kwamba inawezekana kuhesabu kwa namna nyingine, kwa sababu Lushoto yenyewe ilifanya hivyo. Mwaka 1980 tauni ilizuka katika vijiji vya wilaya hiyo, ikawa inarudi mwaka baada ya mwaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliougua walipita 7,000, na mamia walikufa. Tauni ilikuwa miongoni mwa magonjwa machache ambayo kanuni za afya za kimataifa zilizitaka nchi ziyatangaze, pamoja na kipindupindu na homa ya manjano. Basi wahudumu hawakungoja wagonjwa washuke. Walipanda vijijini, wakatega panya, wakahesabu viroboto, wakaandika kijiji kwa kijiji, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walijenga elimu kubwa juu ya hesabu hizo. Tauni ya Lushoto tunaijua hadi kitongoji. Kidole tumbo cha Lushoto tunakijua kupitia mlango wa wodi tu.

Na magonjwa haya mawili yalikutana kwenye mwili mmoja. Mtoto analetwa ana homa, anatapika, anatembea ameinama na kushika kinena cha kulia. Pale McBurney alipoonyesha na pale tezi ya tauni inapovimba pametengana kwa upana wa vidole vichache. Tabibu wa Lushoto wa miaka ya 1980 ilimpasa kushusha mkono hadi chini ya mkunjo wa paja na kuisaka tezi, kuuliza kama panya wamekuwa wakifa nyumbani, na kukumbuka kwamba homa ya tauni hupanda ghafla na kwa kishindo, ilhali ya kidole tumbo huanza ndogo. Kukosea upande mmoja ni kumpeleka kwenye kisu mtoto anayehitaji streptomaisini. Kukosea upande wa pili ni kuacha kidole kipasuke huku sindano zikiendelea. Wapo hata jamaa wa karibu wa kimelea cha tauni, wa ukoo uleule wa Yersinia, ambao huvimbisha tezi za ndani ya tumbo na kuiga kidole tumbo kiasi kwamba wapasuaji wa Ulaya wamekata vidole vingi vizima kwa sababu yao.

Mkono ndio uliobaki kipimo kikuu. Mgonjwa analazwa chali, magoti yamekunjwa ili tumbo lilegee. Unaanza kubonyeza kushoto, mbali na maumivu, na ukitazama uso, maana uso husema kabla ya mdomo. Akilalamika maumivu upande wa kulia wakati umebonyeza kushoto, hiyo ni dalili aliyoieleza Rovsing wa Copenhagen mwaka 1907. Mwambie akohoe: wa kidole tumbo hukohoa nusu na kushika tumbo. Msichana aulizwe siku zake na apimwe ujauzito, kwani mimba iliyotunga nje ya mji hufanana sana na ugonjwa huu na huua haraka zaidi.

Mwaka 1986, Philadelphia, Alfredo Alvarado alizipanga dalili hizi katika alama 10: moja kwa maumivu yaliyohama, mbili kwa maumivu ya kubonyezwa chini kulia, mbili kwa chembe nyeupe za damu kupanda, na kadhalika. Baadaye ikaondolewa alama moja inayodai darubini na mtu wa kuzihesabu chembe hizo aina kwa aina, zikabaki 9, na ndizo zilizosafiri hadi hospitali zetu. Bugando, Mwanza, walizijaribu na kutoa matokeo mwaka 2011. Alama zilisaidia, lakini karibu theluthi ya waliopasuliwa walikutwa na kidole kizima, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Hiyo ni hospitali ya rufaa. Wenye haraka watasema dawa ya tatizo ni CT skani. Kwa Lushoto naona afadhali ultrasaundi nzuri, yenye mtu aliyezoea kuishika, kuliko mashine kubwa iliyo Tanga mjini au Moshi.

Nani anapasua? Tanzania ilianza mwaka 1963 kuwafundisha madaktari wasaidizi, watu waliotoka kwenye utabibu wakaongezewa elimu, na kwa miongo mingi ndio walioshika kisu katika hospitali za wilaya. Ketamini iliwarahisishia: mgonjwa analala huku anaendelea kupumua mwenyewe, hata pasipo mtaalamu wa usingizi. Jeraha ni fupi, misuli inatenganishwa badala ya kukatwa, kidole kinafungwa shinani na kukatwa. Ujerumani, mwaka 1980, Kurt Semm alikitoa kwa kamera kupitia matundu madogo, akapingwa vikali na wenzake. Leo hiyo ndiyo kawaida ya nchi tajiri.

Ufini, mwaka 2015, madaktari walitangaza habari iliyopigiwa kelele: wagonjwa 256 walitibiwa kwa antibayotiki badala ya kisu, na ndani ya mwaka mmoja ni asilimia 27 tu walioishia kupasuliwa. Kufikia mwaka wa tano ilikuwa 39. Wote walipigwa CT kwanza, ili kuthibitisha kwamba kidole hakijapasuka, na walikuwa na hospitali ya kurudi hali ikibadilika. Kwa mtu wa Mtae, sharti la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Hata hivyo, kutibu kidole tumbo bila kisu si jambo geni milimani. Mgonjwa anayefika siku ya nne au ya tano, mwili ukiwa umekwisha kuuzungushia uvimbe utumbo na mafuta ya tumbo, tangu zamani hapasuliwi haraka. Ni utaratibu wa Ochsner wa Chicago na Sherren wa London, mwanzoni mwa karne iliyopita. Hapewi chakula, anatundikiwa dripu, siku hizi anachomwa seftriaksoni na metronidazoli. Daktari anachora kwa kalamu ukingo wa uvimbe juu ya ngozi, na kila asubuhi anautazama mstari ule. Uvimbe ukirudi ndani ya mstari na mgonjwa akiomba uji, wanaendelea kungoja. Ukivuka mstari, au mapigo ya moyo yakianza kupanda, chumba cha upasuaji kinaandaliwa siku hiyohiyo.