Uko mtandao gani? Historia ya laini tatu za Kagongwa

Kagongwa, kabla dalali na mnunuzi hawajakubaliana bei ya gunia la mchele, huulizana kwanza: "Uko mtandao gani?" Anayejibu hutaja mitandao miwili, wakati mwingine mitatu, na namba zote huandikwa kwenye kipande cha boksi. Mgeni anaweza kudhani watu hawa wameshindwa kuchagua. Hawajashindwa. Miaka ishirini na zaidi ya kuishi na simu za mkononi imewaonyesha kwamba mtandao huuchagui peke yako. Unauchagua pamoja na yule unayetaka kumpata, na pamoja na mahali alipo wakati unapomhitaji.

Mji wenyewe upo kwenye lami inayotoka Isaka kwenda Kahama, njia ya malori yanayoelekea Rwanda, Burundi na Kongo. Mashine za kukoboa mpunga ndizo zilizoujengea jina. Mpunga unaingia kutoka vijiji vya mabonde ya Kahama na jirani zake, mchele unatoka kwenda Mwanza, Dar es Salaam na nje ya mipaka. Upande wa kaskazini kuna dhahabu: Kakola na Bulyanhulu, kisha Nyarugusu, Rwamgasa na Geita. Kijana akimaliza kuvuna anaweza kwenda "duarani", yaani kwenye mashimo ya wachimbaji, miezi miwili akarudi msimu ujao. Kwa hiyo kaya moja hapa ina watu bondeni, sokoni, barabarani na machimboni, na kila mahali pana hali yake ya mawasiliano. Mambo yote yaliyofuata yametokana na mtawanyiko huo.

Kabla ya simu za mkononi, taarifa ilikwenda kwa mguu na kwa basi. Barua na fedha alikabidhiwa kondakta, na mtumaji akabaki kumwomba Mungu. Redio ya upepo ilikuwa ya polisi na misheni. Simu ya mezani ilikuwa kitu cha ofisi na wafanyabiashara wachache wa mjini. Kijijini, habari ya haraka kuliko zote ilikuwa ya wizi wa ng'ombe, nayo ilisambazwa kwa yowe na filimbi ya sungusungu, jeshi la jadi lililozaliwa maeneo haya ya Kahama na Nzega mapema miaka ya 1980. Filimbi ilivuka vijiji kadhaa kwa usiku mmoja. Lakini kuuliza bei ya mchele Mwanza kulihitaji safari.

Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria za kulivunja Shirika la Posta na Simu. Simu ikabaki na TTCL, barua zikaenda Shirika la Posta, na Tume ya Mawasiliano ikaundwa kusimamia soko. Mlango ukafunguka kwa kampuni binafsi. Mobitel ndiyo iliyotangulia, katikati ya miaka ya 1990, ikianzia Dar es Salaam. Tritel ikaja nyuma yake, ikafa mapema miaka ya 2000. Zantel ilianzia Zanzibar mwaka 1999. Mwaka 2000, nchi nzima ilikuwa na simu za mkononi laki moja na ushee tu, na karibu zote zilikuwa mijini kwa watu wenye fedha.

Vodacom iliwasha mtandao wake mwaka huohuo wa 2000, na Celtel ikafuata mwaka 2001. Huku kwetu miaka hiyo inakumbukwa kwa jambo jingine: mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Minara haikuja kwa kufuata wingi wa watu, ilifuata fedha. Penye mgodi, stesheni, lami na soko, mnara ulisimama mapema. Bondeni kulikolimwa mpunga wenyewe, mtu alisubiri miaka. Naliona hili kuwa kosa la kwanza la soko huria katika mawasiliano yetu, kwa sababu mkulima ndiye aliyehitaji kujua bei kuliko mtu yeyote mwingine katika mnyororo ule.

Kipindi hicho hapakuwa na kuchagua. Ulikuwa na laini ya kampuni ambayo mnara wake ulikufikia. Watu walipanda kichuguu au jiwe kubwa kutafuta "mtandao", na katika nyumba nyingi simu ilitundikwa kwenye msumari mmoja ukutani, mahali palipogundulika kuwa inashika. Ikiita, unakimbilia msumarini na kuongea umesimama palepale, ukigeuka kidogo sauti inakatika. Simu yenyewe kwa kawaida ilikuwa Nokia 1100, "simu ya tochi", iliyotoka mwaka 2003. Chaji yake ilikaa siku kadhaa na tochi yake ilifaa kijiji kisicho na umeme, na pia mchimbaji anayerudi kambini usiku.

Ushindani wa kweli ulipofika, ndipo mambo yalipogeuka magumu. Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoeleza mfuko wa laini tatu.

Ukipiga kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kampuni yako inailipa ile ya pili kwa kukupokelea simu. Malipo hayo huitwa gharama za maingiliano. Mwanzoni mwa 2013 yalikuwa shilingi 112 kwa dakika. Maana yake ni kwamba hata kampuni yenye huruma kuliko zote isingeweza kukuuzia dakika ya kupiga mtandao mwingine kwa bei ndogo, maana ingekula hasara. Kupiga ndani ya mtandao wake mwenyewe hakukuwa na malipo hayo, hivyo ikaweza kukupa dakika za bei poa, za usiku, hata za bure. Pengo likawa kubwa kiasi kwamba swali la "kampuni gani ina bei nafuu" lilipoteza maana. Bei nafuu ilikuwa ya kampuni aliyokuwa nayo mwenzako. Dalali mwenye wateja Mwanza kwenye mtandao mmoja na mashamba Msalala kwenye mtandao wa pili alikuwa na njia moja tu ya kubana matumizi: kununua laini zote mbili.

Ndivyo alivyofanya, na vijana wa vocha waliuza laini kwa bei ya kutupa. Kwanza watu walitoa betri na kubadilisha laini kila walipotaka kupiga, laini nyingine ikihifadhiwa ndani ya kasha la simu au kukunjwa kwenye noti. Kisha zikaja simu za laini mbili, hata tatu, nyingi kutoka China, na soko zikaliteka. Asiyekuwa na salio alibipu, na aliyebipiwa alijua kwa kutazama namba kama inafaa kupiga kwa laini ipi.

Namba zenyewe zilipata heshima. Katikati ya miaka ya 2000 tarakimu za mwanzo zilipobadilishwa, 0744 ya Vodacom ikawa 0754, na 0748 ya Celtel ikawa 0784. Kampuni zenyewe zilizidi kubadilika. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Mobitel iliitwa Buzz, ikawa Tigo, na tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. Majina yalipobadilika hivyo, namba ya mfanyabiashara ilibaki ileile, na mwenye 0754 au 0784 ya zamani huaminika zaidi sokoni: anaonekana ni mtu ambaye hajawahi kukimbia madeni. Kumwambia mtu wa namna hiyo atupe laini kwa sababu kampuni nyingine imeshusha bei ni kumwambia afunge duka.

Kisha fedha ikaingia ndani ya simu. M-Pesa ilianza nchini Aprili 2008, Tigo Pesa na nyinginezo zikafuata. Kwa ukanda huu haikuwa starehe. Barabara ya kutoka Kahama kuelekea Kakonko na mapori ya Biharamulo ilikuwa na utekaji wa mabasi, na kwa miaka mingi magari yalipita kwa kusindikizwa na polisi. Mnunuzi wa mpunga aliyekuwa akibeba fedha taslimu kwenda bondeni alikuwa akibeba roho yake mkononi. Sasa alituma, akaongeza "na ya kutolea", mkulima akaenda kwa wakala.

Lakini wakala wa mtandao upi? Hapo kigezo cha kuchagua kilihama tena. Mtu hakuangalia mnara pekee, aliangalia pia ni kibanda gani kijijini chenye floti ya kutosha siku ya soko. Mtandao wenye mawakala wengi ulivuta wateja, na wateja wakavuta mawakala. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, alipokea ujumbe wenye namba ya siri, akalazimika kwenda kutoa kwa wakala wa mtandao wako, na makato yalikuwa makubwa. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana fedha zipite moja kwa moja kutoka pochi hadi pochi, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufika hapo. Ni jambo la kujivunia kuliko tunavyolisema, kwa sababu lilimwondolea mtu wa bondeni adhabu ya kuwa kwenye mtandao "usio sahihi".

Upande wa kupiga simu, TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilichukua panga. Machi 2013 gharama za maingiliano zilishushwa kwa mkupuo kutoka shilingi 112 hadi 34.92. Zikaendelea kupungua kila mwaka hadi 26.96 mwaka 2017, 15.60 mwaka 2018, na shilingi 2 tu mwaka 2022. Polepole vifurushi vya "mitandao yote" vikaanza kuonekana kwenye mabango. Sioni uamuzi mwingine wa serikali uliogusa mfuko wa mtu wa kawaida katika mawasiliano kama huu, ingawa wengi walionufaika hawajawahi kuusikia.

Machi 2017 ikaja ruhusa ya kuhama mtandao na namba yako. Ilipigiwa debe sana, lakini waliohama walikuwa wachache. Huku Kagongwa sababu iko wazi. Aliyekuwa amebanwa alikwishajikomboa kwa laini ya pili miaka mingi kabla, na kuhama kungempa namba ileile mahali papya wakati yeye alihitaji kuwepo sehemu mbili kwa wakati mmoja. Dawa ilikuwa nzuri, ila ilichelewa.

Katikati ya hayo, Oktoba 2015, Halotel ya Viettel ya Vietnam ilizinduliwa ikiwa imeelekeza nguvu vijijini, ikitandaza nyaya na minara sehemu ambazo wakubwa walizipita. Kwa wengi ikawa laini ya tatu: ile ya kumpata mama kijijini, au mwenzako aliyekwenda machimbo mapya ambako bado hapana kitu kingine. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na nyingi zilikuwa zile za bei rahisi za laini mbili tatu. Watu wakajifunza kubofya *#06# ili kuhakiki simu kabla ya kulipa dukani. Usajili wa alama za vidole nao ukafuata, kuanzia Mei 2019, ukitaka namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ambayo wengi hawakuwa nayo. Rais Magufuli alisajili laini yake akiwa Chato, mkoani Geita, mwishoni mwa Desemba mwaka huo, akaongeza muda hadi Januari 20, 2020. Foleni za siku hizo bado zinasimuliwa. Masharti yaliyofuata yakampa mtu laini moja kwa kila mtandao, na zaidi ya hapo aeleze. Laini tatu za mitandao mitatu zikawa ndani ya sheria.

Leo kigezo cha mnara hakigawi kampuni kama zamani. Tigo iliuza minara yake kwa kampuni ya minara ya Helios mwaka 2010, Vodacom ikafanya hivyo mwaka 2013, na sasa mnara mmoja hubeba antena za kampuni kadhaa. Ukiona mlingoti Kagongwa, usiulize ni wa nani. Tofauti imebaki pembeni, mbali na lami, na huko Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ndio unaolipa ruzuku ili kampuni zikubali kwenda. Mikataba ya minara 758 ilisainiwa Mei 2023.

Mjini vita imehamia kwenye bando. Mchele sasa unauzwa kwa picha za WhatsApp: punje zimepigwa picha kwenye kiganja, karibu kabisa, mnunuzi wa Dar es Salaam aone kama zimekatika. Aprili 2, 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ilizisitisha siku hiyohiyo. Julai mwaka huo tozo ya miamala, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, ilirudisha fedha taslimu mifukoni mwa watu hadi ilipopunguzwa. Mara zote mbili wakubwa walishangaa. Wasingeshangaa wangekaa siku moja karibu na mashine za kukoboa, ambako dalali huhesabu bando na makato kama anavyohesabu pumba na chenga.

Kinachokosekana ni kipimo anachoweza kukitumia. TCRA hutoa takwimu kila robo mwaka, za laini, za bei na za ubora wa huduma. Zimepangwa kwa kampuni na kwa mkoa. Mkoa wa Shinyanga una mgodi wa Mwadui, una Kahama mjini, na una vijiji ambako simu bado hutafutiwa pa kushika. Wastani wa mkoa haumwambii mkulima wala mchimbaji lolote. Apewe takwimu za kata yake, mtandao kwa mtandao, na zibandikwe ofisi ya mtendaji pamoja na matangazo mengine.