Kuhama kutoka Bukavu kwenda Lubumbashi: mahesabu ya kufanya kabla ya kuuza parseli

Jamaa nyingi za makanisa yetu ya Kivu zimehamia Lubumbashi miaka hii. Wengine walifuata kazi ya migodi, wengine masomo ya watoto. Wengi waliondoka kwa sababu ya vita, hasa baada ya Goma kuanguka mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, wakati mabenki yalipofunga milango na mshahara ukawa shida kuupata. Ndugu waliobaki huuliza: maisha ya kule ni bei gani? Hakuna jibu moja. Mji uleule unaweza kuwa mwepesi kwa mwenye kulipwa dola na mzito kwa mwalimu anayelipwa franga, maana nyumba inahesabiwa kwa dola na unga unauzwa kwa franga.

Tuanze na nyumba, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanaumia. Mtu aliye na nyumba yake Kadutu au Bagira, hata kama ni ya mbao, halipi kodi ya mwezi. Akifika Lubumbashi anakuwa mpangaji, na hesabu hiyo mara nyingi haikuandikwa popote. Tuseme nyumba inaombwa dola 100 kwa mwezi. Garanti ya miezi 3 ni dola 300, mwezi wa kwanza ni 100, na komisionere aliyekuonyesha nyumba anataka kiasi cha mwezi mmoja, yaani 100 tena. Ni dola 500 kabla ya kununua hata sufuria. Mwenye nyumba akiomba garanti ya miezi 6, unafika 800. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3, lakini wapangaji wengi hawaijui, na wenye nyumba hawana haraka ya kuwaambia. Itaje kwa upole mnapoongea, kisha hakikisha mkataba umeandika garanti ni kiasi gani, kwa pesa gani, na itarudishwa lini.

Kwa hiyo shauri letu ni wazi: usiuze parseli ya Bukavu mwaka wa kwanza. Ipangishe, au mpe ndugu wa kuaminika aikalie kwa maandishi. Wanaouza ili wapate nauli na garanti wanafika na pesa mkononi, nazo zinaisha kabla kazi haijapatikana. Kurudi hawawezi tena, kwa kuwa hawana pa kurudi.

Chakula nacho kinabadilika kuliko watu wanavyofikiri. Bugali wa Bukavu, wa muhogo au wa kuchanganya, Lubumbashi unaitwa bukari, na ni wa mahindi meupe. Katanga ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hivi hadi Aprili, na mavuno ya mahindi ni moja kwa mwaka. Sehemu kubwa ya unga inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Zambia ikizuia mahindi kutoka, au mpaka ukifungwa siku chache, bei inapanda sokoni mara moja. Miezi mibaya ni Desemba hadi Februari, wakati akiba imekwisha na mahindi mapya bado shambani. Mama aliyezoea misimu miwili ya Kivu, na maharagwe yanayoshuka kutoka milimani karibu mwaka mzima, atashangaa. Sambaza wabichi wa ziwa pia atawakosa. Atakuta kapenta wakavu na samaki wa barafu.

Umeme unakatika miji yote miwili. Bukavu inategemea mitambo ya Ruzizi, wa kwanza wa mwaka 1958 na wa pili wa 1989. Lubumbashi inagawana umeme na migodi, na migodi inakula mwingi. Basi makala yanabaki jikoni pande zote. Mvua ikiharibu barabara za porini, gunia la makala la Lubumbashi linapanda bei, kwa hiyo wenye akili wananunua wakati wa kiangazi. Juni na Julai usiku ni baridi kweli; msiache mablanketi Bukavu mkidhani mnakwenda kwenye joto.

Mwendo wa mjini ni nafuu kwa miguu, siyo kwa mfuko. Lubumbashi ni tambarare, hakuna kupanda milima kama kwetu, na baiskeli inafaa. Lakini mji umepanuka sana. Nyumba ya bei ndogo upande wa Annexe inaweza kukuletea nauli za basi mbili kwenda na mbili kurudi, kila siku, kwa kila mtu anayetoka. Kabla ya kusema nyumba ni rahisi, jumlisha kodi na nauli.

Kuna jambo ambalo halionekani sokoni: vumbi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mwilini, watoto zaidi. Mwenye watoto wadogo aulize kiko wapi kiwanda kilicho karibu, na maji ya kisima cha uani yanatoka upande gani.

Namna nzuri ya kulinganisha si kubadilisha mshahara kuwa dola na kufurahi. Andika vitu ambavyo nyumba yako inatumia kwa mwezi: kilo za unga, magunia ya makala, madumu ya maji, safari, malipo ya shule, dawa. Kisha omba mtu aliye kule akupe bei za vitu hivyohivyo, juma lilelile, na kiwango cha dola cha siku hiyo. Ni hesabu ya yule mtu wa Luka 14 aliyetaka kujenga mnara. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari siyo, na mtoto wa mwaka wa mwisho asihamishwe katikati ya mwaka, kwa sababu ya kuandikishwa kwa mtihani wa Serikali.

Safari yenyewe inameza akiba. Kuna njia ya Uvira, meli hadi Kalemie, kisha treni au gari. Treni huchukua siku nyingi. Wengine wanazunguka Tanzania na Zambia hadi Kasumbalesa, na hapo kila mtu wa nyumba anahitaji pasipoti. Chukua noti za dola zisizopasuka, maana zilizochanika kidogo tu zinakataliwa.

Mwisho, omba barua ya kanisa kabla ya kuondoka. CEPAC na CELPA zina makao makuu Bukavu, lakini Lubumbashi utakuta pia Wametodisti wengi. Mchungaji akijua mnafika lini, jamaa inaweza kulala kwa mshiriki majuma mawili na kutafuta nyumba bila kuburutwa na komisionere wa kwanza. Wakati mzuri wa kufika ni Julai, shule zimefungwa na mahindi mapya yapo sokoni.