Shahada ya uimbaji: Koo moja, mitindo mingi

KILA msimu wa tamasha za muziki za shule, ambazo zilianza nchini Kenya mwaka wa 1927, hutokea mwanafunzi ambaye ukumbi mzima hukubali kwamba amejaliwa sauti. Asubuhi huimba wimbo wa Kizungu uliochaguliwa na waandalizi, mikono imetulia ubavuni. Alasiri huvaa rinda la makonge na kuongoza wimbo wa kiasili, sauti ikipaa juu ya ngoma na njuga. Jumapili hushika maikrofoni kanisani na kuwaongoza waumini kwa nyimbo za injili. Koo ni lile lile.

Baada ya mtihani wa KCSE, mzazi na mwana hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni iwapo kipawa hicho kinaweza kusomewa hadi shahada. Jibu ni ndiyo. La pili ni zito zaidi: akifika chuoni, atafunzwa kuimba nyimbo zipi? Jibu la swali hili ndilo huamua iwapo kijana atahitimu akiwa na sauti pana kuliko aliyoingia nayo, au ataiacha nusu ya sauti yake langoni.

Swali hilo lina uzito zaidi sasa kwa kuwa mtaala wa umilisi (CBC) umeifanya sanaa, pamoja na michezo, kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu.

Kinachosomwa

Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Maseno ni miongoni mwa vyuo vya umma vinavyotoa shahada za muziki. Katika shahada nyingi za aina hii duniani, mwanafunzi huwa na ala yake kuu, na kwa mwimbaji ala hiyo ni sauti. Hukutana na mwalimu wake ana kwa ana kila wiki, kisha hufanya mazoezi peke yake kila siku.

Fauka ya hayo, kuna masomo ambayo wengi wanaojiunga huwa hawakuyatarajia. Husoma nadharia ya muziki, historia yake, na mazoezi ya sikio ya kutambua noti bila kuziona. Wengi waliolelewa katika kwaya huwa wamezoea sol-fa, hivyo hulazimika kujifunza pia noti za mistari mitano. Wanaosomea nyimbo za kiklasiki hufunzwa matamshi ya Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa, hata kama hawazungumzi lugha hizo. Mwishoni, mtahiniwa husimama mbele ya hadhira na watahini na kuimba nyimbo alizoandaa kwa miezi mingi.

Ratiba ya wimbo huo wa mwisho ndiyo inayofichua msimamo wa chuo. Ikiwa nyimbo zote zinazokubalika zilitungwa Ulaya, basi ndizo zinazohesabiwa kuwa elimu, na nyingine ni burudani tu.

Jinsi sauti inavyotoka

Mpiga gitaa huiona ala yake. Mwimbaji haioni yake. Kwa karne nyingi walimu wa sauti walifundisha kwa kukisia yaliyomo kooni. Ni mwaka wa 1854 ambapo Manuel García, mwalimu Mhispania aliyefanya kazi London, alitumia vioo vidogo na mwangaza wa jua kuziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi. Mwaka uliofuata matokeo yake yaliwasilishwa mbele ya wanasayansi wa jiji hilo.

Hewa inayotoka mapafuni hupita katika zoloto, kisanduku cha gegedu kilicho kooni, ambamo mna nyuzi mbili za sauti. Ingawa huitwa nyuzi, kwa hakika ni mikunjo ya misuli na utando, ambayo urefu wake kwa mtu mzima ni kati ya sentimita moja na mbili unusu. Mwanamke anapoimba ile noti ambayo wapiga ala huitumia kulinganisha ala zao, mikunjo hiyo hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde moja. Mtetemo huo peke yake ni mlio mwembamba tu. Koo, kinywa na pua ndivyo huupa mlio huo rangi na ukubwa, kwa kutegemea mahali ulimi, taya, midomo na kaakaa laini vilipo.

Hapa ndipo mitindo inapoachana. Nyuzi ni zile zile na hewa ni ile ile. Kinachobadilika ni jinsi nyuzi zinavyokutana na umbo la njia ambamo sauti hupita.

Kila mtindo na mahitaji yake

Opera ilikulia katika majumba makubwa, mbele ya okestra, bila kipaza sauti. Mwimbaji wake huishusha zoloto na kuinua kaakaa laini. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Uswidi, Johan Sundberg, alieleza kwa nini sauti kama hiyo haimezwi na ala nyingi kiasi hicho. Nguvu yake hukusanyika karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo mlio wa okestra huwa umepungua. Mwimbaji hashindani na okestra kwa kupiga kelele, bali hupenya palipo na nafasi.

Wimbo wa injili unaoimbwa kwa nguvu, sawa na ule wa kiasili unaoongozwa uwanjani, hudai jambo jingine. Sauti nzito ya kifua hupandishwa juu kuliko kawaida, nyuzi hubaki zimefungana kwa muda mrefu zaidi katika kila mtetemo, na kinywa hufunguka kama cha mtu anayeita ng'ambo ya mto. Sauti hiyo huwa kali na yenye kung'aa. Mwalimu anayejua opera peke yake anaweza kuiita kasoro, ilhali hadhira yake huiona kuwa ndiyo ustadi wenyewe.

Rumba, jazi na nyimbo za kisasa nazo ni watoto wa maikrofoni. Tangu kurekodi kwa umeme kulipoenea kuanzia 1925, mwimbaji aliweza kunong'ona na bado asikike na maelfu. Kwa hivyo umbali kati ya midomo na kipaza sauti umekuwa sehemu ya ufundi, na mwanafunzi wa jazi hufunzwa pia kubuni kiimbo papo hapo badala ya kufuata noti zilizoandikwa pekee.

Taarab ina mizani yake. Kiini chake ni ushairi. Mwimbaji akimeza silabi, fumbo limepotea na vina vimeharibika. Taarab iliyopokea maqamu za Kiarabu huweza kupitisha sauti katikati ya noti mbili za piano, na sikio lililofunzwa kwa piano pekee huweza kudhani mwimbaji amekosea. Naye mpiga nyatiti hukaa chini akaimba, akacharaza nyuzi nane na kugonga mapigo kwa pete iliyo kwenye kidole cha mguu, yote kwa wakati mmoja. Kwake haiwezekani kutenga somo la sauti na somo la ala.

Vyuo vilivyofungua milango

Kwa muda mrefu, kusomea sauti chuo kikuu kulimaanisha kusomea nyimbo za kiklasiki za Ulaya. Mitindo mingine haikuwa hata na jina la pamoja katika ufundishaji. Iliitwa tu isiyo ya kiklasiki, kana kwamba mtu anaweza kuelezwa kwa kile asichokuwa. Mnamo 2000, mwalimu wa sauti wa Marekani, Jeannette LoVetri, alipendekeza istilahi ya muziki wa kibiashara wa kisasa, ili mitindo hiyo ifundishwe kwa mbinu zake yenyewe.

Baadhi ya taasisi zilikuwa zimeanza mapema. Chuo cha Sibelius jijini Helsinki, Ufini, kilianzisha idara ya muziki wa kienyeji mwaka wa 1983. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ambacho chuo chake cha muziki kilianzishwa 1910, opera, jazi na muziki wa Kiafrika vimepewa nafasi katika taasisi moja. Huko ndiko alikosomea Pretty Yende, binti aliyeisikia opera kwa mara ya kwanza katika tangazo la televisheni akiwa na umri wa miaka 16, na ambaye mnamo Mei 2023 aliimba katika hafla ya kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu jijini London.

Karibu na nyumbani, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka wa 2002, kilianza kuifundisha taarab darasani, ingawa si chuo kikuu. Ikumbukwe kwamba Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alirekodi santuri Bombay mwaka wa 1928 bila kukanyaga darasa la sauti la aina hiyo. Alifunzwa na wenzake wa fani. Shahada haikuumba sanaa hizi; imezikuta.

Mfano wa Sibongile Khumalo

Anayetaka kuona faida ya elimu isiyobagua mitindo na amtazame marehemu Sibongile Khumalo wa Afrika Kusini. Alizaliwa Soweto mwaka wa 1957. Baba yake, Khabi Mngoma, alikuwa msomi wa muziki aliyeanzisha idara ya somo hilo katika Chuo Kikuu cha Zululand. Binti alisomea shahada ya muziki huko, kisha akaendelea katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Lakini darasa lake halikuwa la vyuoni tu. Angali mtoto, baba yake alimpeleka kumsikiliza Binti Mfalme Magogo kaDinuzulu, mtunzi na mwimbaji wa Kizulu aliyepiga ugubhu, upinde wa muziki wenye kibuyu. Miaka mingi baadaye, mnamo 2002, opera ya Kizulu iliyotungwa na Mzilikazi Khumalo kuhusu maisha ya mwanamke huyo ilipoonyeshwa Durban, aliyeimba nafasi ya Magogo alikuwa Sibongile. Kipindi hicho cha maisha yake aliimba pia Carmen, aliimba jazi na kurekodi nyimbo za asili. Alifariki Januari 2021. Noti za mistari mitano na upinde wa ugubhu vilikaa katika koo moja bila kimoja kukifukuza kingine.

Hatari ya kupita mpaka bila ramani

Si kwamba kuimba kila kitu hakuna gharama. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Mwanafunzi anayefanya mazoezi ya kiklasiki mchana, akaongoza sifa kanisani jioni na kuimba hotelini usiku kwa ajili ya karo, huzigonganisha nyuzi zake mara mamilioni kwa wiki. Zikitumiwa vibaya, huota vinundu, na sauti hukwaruza au kukatika katika noti za juu. Mwaka wa 2011, mwanamuziki wa Uingereza, Adele, alilazimika kuahirisha maonyesho na kufanyiwa upasuaji wa koo akiwa kileleni mwa umaarufu.

Ndiyo maana mafunzo bora huanza na pumzi, mkao, unywaji wa maji na mapumziko kabla ya kufika kwa mitindo. Humfunza mwanafunzi kuhama kutoka mtindo mmoja hadi mwingine kwa makusudi, akijua ni misuli ipi analegeza na ipi anaikaza. Mtu anayekwaruza sauti kwa zaidi ya wiki tatu anapaswa kumwona daktari wa koo, si kumeza asali na kuendelea kuimba. Kunong'ona nako si mapumziko. Mara nyingi huzichosha nyuzi zaidi.

Maswali kabla ya kulipa karo

Kwa mintarafu ya hayo, mzazi na mwanafunzi wanaochagua chuo wana haki ya kuuliza maswali machache. Je, wimbo wa kiasili, wa taarab au wa injili unakubalika katika mtihani wa mwisho, au ni wa kufungulia sherehe tu? Nani huufundisha na kuutahini: mwenye fani hiyo, au mwalimu anayeusikia kwa sikio la piano? Mwanafunzi atapata saa ngapi za mafunzo ya ana kwa ana, na je, kuna mpiga piano wa kumsindikiza? Atafunzwa kutumia maikrofoni na studio? Akipoteza sauti wiki ya mtihani, chuo kina utaratibu gani?

Kadhalika, kuna swali ambalo mwanafunzi anapaswa kujiuliza mwenyewe: yuko tayari kujifunza nyimbo asizozipenda? Mlango uliofunguliwa hupitika pande zote mbili. Kama mwalimu wa opera hapaswi kulidharau koo lililokuzwa na isukuti, kijana wa isukuti naye hana sababu ya kuidharau opera kabla hajaijua.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Chuo kikuu kinachomtaka mwimbaji aisahau sauti ya kwao ili apewe shahada humnyima tuzo hilo. Kinachomfunza jinsi sauti hiyo inavyofanya kazi, na kisha kumpa nyingine mbili au tatu, humwezesha kutunzwa nyumbani na ugenini.